Darasa la Wanaolia

Wenzake chuoni walimwita mwenye bahati. Majina ya vituo vya mazoezi ya kufundisha yalipobandikwa ukutani, wasichana wengine walijikuta wametupwa mbali, huko ziwani kwenye mbu, huko kusini ambako hata salamu zao ni nyingine, na mmoja alikaa chini palepale kwenye vumbi akaangua kilio. Alinafe yeye alipewa Nthulu. Ukisimama kwenye kiwanja cha mpira cha shule ya Nthulu ukatazama kaskazini unaona kilima, na nyuma ya kilima hicho ni Mchenjere, kwao, mwendo wa asubuhi moja kwa mguu. "Wewe kila Jumamosi utakuwa unakula ugali wa mama yako," walimwambia kwa wivu wa waziwazi. Alinafe alicheka nao. Hakuwaambia kwamba angekubali kubadilishana na yeyote kati ya wale wa ziwani, hata siku ileile.

Alikuwa na mtoto. Yankho alikuwa na mwaka na nusu, na mwaka mzima wa chuo walikuwa pamoja katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, yeye na mtoto na binamu mdogo wa kumshika. Kila kengele ya mapumziko ilipolia Alinafe alikuwa akitimua mbio kwenda kunyonyesha, akirudi darasani na shati lililofungwa vifungo upande. Baba yake Yankho alikwenda Joni, huko Afrika Kusini, kutafuta kazi kabla mtoto hajaota jino. Joni ina namna yake ya kumeza wanaume, na hayo si ya leo.

Sasa wakati wa kumwachisha ziwa ulikuwa umefika. Kwetu mtoto haachishwi ziwa na mama yake. Mama atawezaje, na ziwa liko palepale? Mtoto hupelekwa kwa bibi. Huko hulia siku zake, hupewa uji, hubebwa, huonyeshwa mbuzi, mpaka asahau. Na mama mtu haruhusiwi kuonekana. Mtoto akimwona kabla hajasahau, kazi yote inarudi mwanzo, na safari ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Hayo kila mwanamke wa upande wetu anayajua, awe amesoma au hakusoma.

Kwa hiyo Alinafe alimpeleka Yankho Mchenjere Jumamosi moja kabla ya shule kufunguliwa, akampa mama yake, ambaye kijiji kizima kinamwita Nabanda. Nabanda alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni saa ileile, kama mtu anayeanza kazi.

"Sasa nenda," alisema. "Na usionekane hapa mpaka nikuite."

"Utaniita lini, mama?"

"Akisahau."

"Asahau ziwa."

"Eeh, ziwa."

"Ziwa tu, mama?"

Nabanda alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Wewe nawe. Nitajuaje mtoto anasahau kipi anabakiza kipi? Nilikuachisha wewe nyumba hiihii, nikakuacha na bibi yako, na hukumbuki kitu. Nenda, yule wa baiskeli anakungoja."

Kweli, hakukumbuka kitu. Na hilo ndilo alilolibeba moyoni njia nzima hadi Nthulu, akiwa amekaa nyuma ya baiskeli ya Gilioti, mchuuzi wa viazi wa kijijini, na begi lake mapajani.

Vyuo vya ualimu vinafundisha mengi. Vinafundisha kuandika andalio la somo lenye malengo yake, kufinyanga herufi kwa udongo, kujumlisha kwa vizibo vya soda. Havifundishi mwalimu afanye nini watoto zaidi ya mia wa darasa la kwanza wanapolia kwa pamoja.

Siku ya kwanza waliletwa na mama zao, wameogeshwa, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mmoja mmoja walipita mbele ya mwalimu mkuu, wakapitisha mkono juu ya kichwa kugusa sikio la upande wa pili. Aliyefikia sikio alikuwa mkubwa wa kutosha, asiyefikia arudi mwakani. Kulikuwa na kasichana kamoja, Fanesi, ambaye vidole vyake viligota juu kidogo ya sikio, na mama yake, mwanamke mrefu mkavu, akakainamisha kichwa kwa kidole kimoja bila aibu yoyote mpaka sikio likafuata mkono. Mwalimu mkuu aliona. Alicheka akaandika jina.

Kisha akina mama wakaondoka. Watoto walikaa chini kwenye sakafu ya saruji wakitazama mlango. Kisha mmoja huko nyuma akaita, "Mama!" si kwa nguvu, kama mtu anayeuliza. Wa pili akamjibu kwa kilio. Basi. Darasa zima likalipuka.

Alinafe alisimama mbele na chati yake ya irabu aliyoichora kwa siku mbili, a nyekundu, e ya kijani. Alifungua mdomo aanze kama alivyoandika kwenye andalio, na hapo maziwa yakashuka. Mwili wake haukuuliza anayelia ni mtoto wa nani. Alihisi ule mchomo, kisha ujoto, na alipoinamisha macho aliona blauzi yake mpya ya ualimu imeanza madoa mawili. Akaikumbatia chati. Akafundisha kipindi kizima hivyo, chati imegeukia kifuani, watoto wakikariri herufi ambazo hakuna aliyeziona.

Mwalimu mwenyeji aliyepewa kumlea kikazi, Madamu Kachingwe, alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti pekee cha darasa hilo, mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefundisha darasa la kwanza miaka mingi kiasi kwamba nusu ya wale akina mama wa asubuhi walikuwa wanafunzi wake.

"Chati ni ya watoto, dada," alisema watoto walipotoka kunywa uji. "Si ya kukumbatia kama mume karudi safari."

Alinafe akaishusha.

Madamu Kachingwe aliacha utani. Alisimama, akafungua kitenge chake cha juu, akamfunga Alinafe kifuani kwa mikono yake, akakaza fundo. "Wa umri gani?"

"Mwaka na nusu. Nimemwachisha Jumamosi."

"Jumamosi hii? Na wakakuleta darasa la kwanza! Wanaume hawa wakipanga kazi utadhani wamezaliwa na mawe. Jioni pitia kwangu nikupe majani ya kabichi uweke humo, maziwa yakauke. Usicheke. Mimi nimeachisha sita, na wote niliwaachisha nikifundisha a, e, i hiihii."

"Hawa watalia mpaka lini, madamu?"

"Wiki hii watalia wote. Wiki ijayo wachache. Ile ya baadaye utatamani walie, maana watakuwa wanang'oana nywele."

"Wanasahau upesi hivyo?"

"Sana! Wasiposahau nani atasoma?" Madamu Kachingwe alisema hivyo kumpa moyo, akaenda zake kuangalia uji.

Na ikawa vilevile alivyosema. Wiki ya pili vilio vilipungua, kila asubuhi sauti moja imetoka, nyingine imetoka. Mwalimu mwingine yeyote wa mazoezi angeshukuru. Watoto walianza kuimba wimbo wa kunawa mikono, wakaanza kusukumana kugombea nafasi karibu na mlango, wakaanza kumshtaki mwenzao kwa kujamba. Mama zao wakiwasindikiza hadi kwenye mti wa kengele walikuwa hawageuki nyuma hata kuaga. Alinafe aliwatazama wakiingia mbio, na kila aliyepita bila machozi alimtia hofu. Huyu juzi alikuwa anagaragara. Huyu alimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Leo ukimuuliza mama yuko wapi anakuambia hajui, huku akiendelea kuchora vumbini. Usiku alilala chumba kimoja na walimu wenzake wawili wa mazoezi, wasichana wasio na mtoto, wakicheka mpaka taa ikazimwa, naye akigeukia ukuta na kufikiri: sasa ameshalala. Amelala kwenye mkeka wa mama. Leo amenitafuta au hakunitafuta? Alimtamani mtoto wake kwa mikono, kwa shingo, kwa mgongo ambao sasa ulikuwa mwepesi mno.

Siku za Jumatano Gilioti alipita na baiskeli yake imelemewa magunia ya viazi, na Alinafe alikuwa akimngoja barabarani kana kwamba ana shughuli hapo.

"Yankho hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakimbiza kuku. Kuku wa Nabanda wote wamekonda."

"Ananiulizia?"

Gilioti hakuwa fundi wa kusema uongo. Alishuka, akabonyeza tairi ambalo halikuwa na tatizo. "Nabanda amesema bado hajakuita."

"Sikukuuliza hilo, Gilioti."

"Basi hilo ndilo nililotumwa, dada. Mengine mimi ni mtu wa viazi."

Darasa zima lilipokwisha kunyamaza, alibaki mmoja. Ni Fanesi, yule wa sikio. Huyu hakupiga kelele. Alikaa upande wa dirisha, akageuza uso nje kuelekea njia ya mtoni alikopotelea mama yake, na machozi yakamtoka bila sauti tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Ukimpa vizibo ahesabu, alihesabu. Ukimpa chaki, aliandika, tena vizuri. Lakini alilia.

Alinafe akampenda. Kila asubuhi alimtafuta kwanza yeye, na alipomwona amegeukia dirisha, mashavu yamelowa, moyo wake ulitulia. Ni aibu kulisema, mwalimu kufurahia mtoto akilia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alijiambia: kumbe wapo. Wapo watoto wasiosahau, na kama wapo Nthulu hata Mchenjere anaweza kuwapo.

Sasa kuna makosa ya walimu wapya yanayojulikana, kama kuandika ubao wote kabla hujafuta wa jana, au kumtuma mtoto chaki ofisini akapotelea huko. Kosa la Alinafe lilikuwa la kwake, na ni kosa ambalo mzungu hata akitaka hawezi kulifanya. Ilikuwa siku ya joto la Oktoba, somo la kutoa. Fanesi alilia mpaka akaanza kwikwi, kifua kinapanda na kushuka, na Alinafe aliyekuwa akisema "vizibo vitano tukiondoa viwili" akaacha sentensi palepale. Akachukua kitenge kilichokuwa mgongoni mwa kiti, akainama, akamrusha mtoto mgongoni kwa ule mtupo mmoja ambao mwanamke wa kwetu hafundishwi na mtu, akafunga. Akaendelea na vitano toa viwili.

Mgongo ukapata uzito wake. Si uleule, Fanesi alikuwa mkubwa zaidi, magoti yake yalimbana mbavuni, lakini lilikuwa joto la mtoto na pumzi ya mtoto. Alinafe alihisi kila kitu ndani yake kikikaa mahali pake. Alifundisha kutoa siku hiyo jinsi ambavyo hakuwahi kufundisha chochote, akitembea kati ya watoto, akiyumba kidogo kila hatua, akiimba nambari. Fanesi alinyamaza. Kisha akalala.

Madamu Kachingwe alirudi kutoka ofisini akasimama mlangoni. "Mungu wangu. Umefanya nini?"

"Amelala," Alinafe alimnong'oneza, akitabasamu.

"Naona amelala. Na kesho?"

Kesho yake walilia karibu nusu ya darasa. Walilia na macho makavu, wakichungulia katikati ya vidole kuona kama madamu anakuja na kitenge. Wasichana walilia, wavulana walilia, na Layisoni, jitu la mtoto lililorudia darasa la kwanza mara ya tatu, lilijitupa sakafuni na kupiga mateke likitaka kubebwa.

"Layisoni, baba, inuka," alisema Madamu Kachingwe. "Wewe ukibebwa miguu itaburuza chini, tuonekane tunalima."

Darasa zima likacheka, Layisoni naye akacheka, na vilio vikafa. Lakini nje, kwenye vyungu vya uji, akina mama wa zamu walikuwa wamekwisha kusikia. Wakasema madamu mdogo ana njaa ya mtoto. Walisema kwa utani, na kama kawaida ya wanawake wa Nthulu walikuwa wamelenga penyewe.

Madamu Kachingwe alimkataza kubeba mtoto ndani ya darasa. Alinafe akatii, ndani ya darasa. Saa ya uji alimfunga Fanesi mgongoni nyuma ya stoo, akazunguka naye kwenye kivuli cha mikaratusi, kila siku hivyo. Akamwimbia zile nyimbo alizokuwa akimwimbia Yankho. Wiki mbili hazikuisha. Asubuhi moja Fanesi aliingia darasani mbio, uso mkavu, akaenda moja kwa moja kukaa miguuni pa Alinafe, na dirishani hakutazama. Alinafe alifurahi, mjinga yule. Alidhani ameponya mtu.

Ijumaa iliyofuata zamu ya uji iliwaangukia wanawake wa upande wa mtoni, na mmoja wao alikuwa Mama Fanesi, yule mrefu mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili. Alipomaliza kugawa alizunguka nyuma ya stoo, mikono ina masizi, akamkuta Alinafe na mtoto mgongoni.

"Fanesi! Shuka twende nyumbani, mama. Leo tunakwenda pamoja."

Fanesi alificha uso mgongoni mwa mwalimu.

"Fanesi."

"Sitaki."

Wanawake kwenye vyungu wakaangua kicheko. "Umenyang'anywa hiyo!" mmoja alipaza sauti. "Mtoto kaenda kwa wenye chaki, wewe una masizi!"

Mama Fanesi mwenyewe alicheka, mwanzoni. Akasogea, akamshika mtoto mguu, kwa upole. Fanesi akapiga yowe. Akaing'ang'ania shingo ya Alinafe kwa mikono yote miwili, akaita, "Mama! Mama!" na aliyekuwa akimwita hakuwa aliyemshika mguu.

Kicheko kilikatika huko kwenye vyungu.

"Madamu," alisema Mama Fanesi, "nishushie mtoto wangu."

Alinafe alifungua fundo. Alipomshusha, mtoto alisimama kati yao akilia, hana pa kwenda.

"Huyu alikuwa ananililia mimi," Mama Fanesi alisema. Sauti ya kuitia ng'ombe haikuwapo. "Kila siku niko bustanini kule mtoni, nasikia kwa wenzake, Fanesi leo tena amelia. Naumia. Lakini nasema moyoni, sawa, ananijua. Mwanangu ananijua. Leo analia nisimguse. Kwani wewe huna wako?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Kwa mama yangu. Nimemwachisha."

"Tangu lini?"

"Tangu shule kufunguliwa."

Mama Fanesi alimtazama, kisha akatazama kilima, maana alijua Alinafe ni wa wapi; Nthulu nzima ilijua. Hasira ikamtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi kukitazama.

"Basi nenda kwa mwanao, mdogo wangu," alisema. "Usijipoze kwa wangu."

Akamchukua Fanesi, akamfunga mgongoni kwa kitenge chenye masizi, akaondoka naye analia. Walipofika kwenye daraja la magogo kilio kilikuwa bado kinasikika. Alinafe alisimama nyuma ya stoo mpaka kikaisha. Aliona vizuri alichokifanya. Kile alichokuwa akikiogopa usiku kucha kitandani, alikichukua kwa mikono yake akamtendea mwanamke mwenzake, tena akiimba.

Jumamosi hakungoja kuitwa. Alfajiri alikuwa njiani, kitenge kichwani kwa ajili ya manyunyu ya kwanza ya mvua, begi begani, na ndani ya begi hamkuwa na kitu. Alipita wanawake wakipanda mahindi, akawasalimu bila kusimama. Njia ilipoanza kupanda kilima alianza kukimbia, mtu mzima na mwalimu, akikimbia kwenye matope.

Maziwa yalikuwa yamekauka zamani. Majani ya kabichi yalifanya kazi yake. Lakini kichwani mwake Yankho alimwona tokea mbali, akapiga kelele, akaja kwa ile mbio yake ya kuyumba, akamng'ang'ania, akavuta blauzi akitafuta. Mama angegomba. Angesema umeharibu, umeniharibia kazi ya miezi, sasa rudi naye ukamlee na chaki zako. Alinafe alitamani kugombezwa. Alitamani kazi ya mama yake iharibike yote, irudi mwanzo, mtoto alie siku saba kwa ajili yake. Mungu amsamehe, hilo ndilo aliloomba akipanda kilima.

Nabanda alikuwa uani amekaa chini akipukuchua mahindi ya mbegu. Aliinua uso.

"Nani amekuita?"

"Hakuna, mama."

"Gilioti amekupa maneno gani?"

"Hakunipa."

"Kwa hiyo umekuja tu. Na mikono mitupu, kama mtu anayekimbizwa. Hata sukari, Alinafe?" Lakini alikuwa amefurahi, ilionekana kwenye shavu lake, na alikuwa amekwisha kusogeza miguu kumpa nafasi.

"Yuko wapi?"

Kabla Nabanda hajajibu, Yankho alitokea pembeni mwa nyumba nyuma ya kuku. Alikuwa amerefuka. Alivaa shati ambalo Alinafe hakulijua. Mashavu yale ya maziwa yalikuwa yamepungua na uso umeanza kuwa uso wa mtu. Alipomwona aliyesimama uani aliacha kuku aende.

"Yankho," alisema Alinafe.

Mtoto alimtazama usoni. Alimtazama sana, kichwa ameinamisha kidogo. Kisha akamgeukia bibi yake. Nabanda naye alikuwa ameacha kupukuchua, maana alitaka kuona.

Yankho akageuka akaingia ndani. Wakasikia kitu kikikwaruza sakafu. Akatoka akirudi kinyumenyume, anavuta mkeka uliomzidi urefu, akauburuta mpaka mbele ya miguu ya Alinafe na kuutandaza, upande mmoja umejikunja. Hakuna aliyemtuma. Halafu akachuchumaa mbele yake, akakunja viganja, akapiga makofi taratibu, moja, jingine, jingine, macho chini kwa heshima, jinsi mgeni anavyosalimiwa katika nyumba yenye malezi.

"Eee!" Nabanda alipiga kigelegele. "Umeona? Umemwona huyu? Nimemfundisha mwenyewe! Hajui hata kusema maji, lakini mgeni akija anajua." Machozi ya furaha yalimtoka mwanamke yule. "Amepona. Wiki nzima hajatafuta ziwa, hashtuki usiku. Nilitaka Jumatatu nimtume Gilioti akuite. Sasa mchukue, mwanangu. Hata kesho mchukue, hatakusumbua tena."

Alinafe alikaa kwenye mkeka. Salamu ya mtoto haiachwi bila kuitikiwa. Akakunja viganja, akapiga makofi kama mgeni, akamuuliza ameamkaje. Nabanda akamjibia: ameamka salama, sijui nyinyi huko mtokako.

"Sisi tumeamka," alisema Alinafe.

Yankho alisimama, ameridhika na kazi yake. Akaenda kuegemea goti la bibi, na kutoka hapo akaanza kumchunguza mgeni kwa matumaini, kwanza begi, kisha mikono, kisha begi tena. Wageni wa Mchenjere huja na mkate, au biskuti, au hata ndizi moja.

Alinafe alimnyooshea mikono yote miwili, akaifungua.

Mtoto akasogea hatua mbili, akachungulia kiganja hiki, akachungulia na hiki. Akaona hamna kitu. Akarudi kwa kuku wake.